Nafasi ya Kutunga Uzi

Okestra ilipiga simu wiki ile ile Mzee Ngazi aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, aliacha suruali ya mteja chini ya sindano akaenda kupokea. Alidhani wanataka kujua hali ya mgonjwa. Waliiuliza, hilo lisemwe, lakini waliiuliza kama mtu anayefuta miguu mlangoni huku macho yameshaingia ndani. Walichokuwa wakikitaka hasa ni selo, ile fidla kubwa ya nyuzi nne ambayo mpigaji huikumbatia katikati ya magoti.

"Mama, unajua chombo kile ni mali ya okestra," alisema binti wa ofisini. "Kuna kijana ameajiriwa kwenye kiti cha mzee na hana cha kupigia. Jumamosi asubuhi mtunza vyombo atapita kukichukua."

"Kiti chake kimeshapata mtu?"

"Pole sana, mama. Kazi haisubiri."

"Haya, ahsante," alisema Fundi, akakata simu, kisha akabaki akijishangaa. Mtu anakuvua shuka, nawe unamshukuru kwa kukupunguzia joto!

Mumewe alikuwa kwenye kichumba chake cha mazoezi, ameketi kwenye kiti kisicho na mikono, selo imeegemea ukuta mbele yake. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Fundi alimwinamia.

"Baba watoto, wanakuja kuichukua Jumamosi. Umenisikia?"

"Bado," alisema Mzee Ngazi.

Ndilo neno pekee ambalo kiharusi kilimwachia. Kilimchukua mkono wa kulia, ule wa kushika upinde unaovutwa juu ya nyuzi, kikamchukua na maneno yote aliyoyakusanya maisha mazima, kisha kwa sababu kinazozijua chenyewe kikamwachia hilo moja. Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Kama anaumwa, bado. Daktari alipomuuliza jina lake akajibu bado, na Fundi, ambaye alikuwa analia, akajikuta anacheka na machozi yake yakiwa shavuni. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, ila vidole vyake havikutulia. Kutwa vilichezacheza juu ya goti, vikipanda na kushuka kama vya mtu mwenye upele. Fundi aliona ni ugonjwa. Kila alipopita alivifunika kwa blanketi.

Jina la Mzee Ngazi alipewa na jirani wa chini, mama mmoja mwenye kifua na maneno. Alikuwa akisikia selo kila asubuhi kupitia dari yake, na kila asubuhi ilikuwa inapanda sauti moja moja mpaka juu, halafu inashuka. Siku moja alimsimamisha mzee kwenye ngazi za jumba.

"Jirani, wewe kila siku unapanda ngazi tu, huo wimbo utaufikia lini?"

"Nikishajua kupanda, jirani."

"Na mbona unapiga za huzuni? Kuna msiba gani huko juu usioisha?"

Ilikuwa kweli. Kuna ngazi kubwa za muziki, zinazochangamka, na kuna ngazi ndogo, ambazo hata mtu asiyejua muziki akizisikia anamkumbuka mtu. Mzee Ngazi asubuhi alipiga ndogo peke yake. Alimjibu jirani kwamba furaha haihitaji mazoezi, ikija kila mtu anajua kuicheza. Jirani alicheka, akalipeleka jina sokoni, na jina likashika.

Ila kilichokuwa ndani ya zile ngazi jirani hakukijua. Hiyo ilikuwa siri ya nyumba. Selo ina nyuzi nne, na nyumba ile ilikuwa na watu wanne, na Mzee Ngazi, ambaye hakuwa mtu wa kusema "nakupenda" hata kwa kubanwa na mlango, alimpa kila mmoja uzi wake. Uzi mnene wa chini, Do, ulikuwa wake mwenyewe. Unaofuata, Sol, wa mkewe. Re wa mtoto wa kwanza, waliyemwita Mkubwa. Na La, uzi mwembamba wa juu kabisa, ulikuwa wa binti yao wa mwisho, Kitinda. Kila asubuhi kabla ya chai alijifungia kichumbani akawapitia mmoja mmoja: ngazi ya Do, ya Sol, ya Re, ya La, kisha akarudia Do, kufunga mlango, kama alivyosema mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Baada ya hapo alitoka akala mkate wake bila kumsemesha mtu, maana alishawasemesha wote.

Enzi hizo Fundi alikuwa ameketi kwenye cherehani sebuleni tangu alfajiri, na alishona kwa kufuata ngazi za mumewe. Pindo la suruali lilikwenda na ngazi moja. Mguu mwingine, ngazi nyingine. Mkubwa alitoka kitandani Re yake ilipoanza, hakutoka mapema hata kibofu kikimpigia kelele. Kitinda alijifunika gubigubi akisubiri La, na ikianza kulia alitoa kwanza vidole vya miguu, kimoja kimoja, kadiri sauti ilivyopanda. Fundi aliviona vile vidole kupitia mlango uliokuwa wazi na kila siku alikaribia kujichoma sindano kwa kucheka.

Na adhabu pia ilikuwa humo humo. Ukimkosea mzee, kesho yake anakuruka. Mkubwa alipovunja kioo cha jirani akasingizia paka, asubuhi ilikwenda Do, Sol, La, moja kwa moja bila hata kupumua, na mtoto ambaye alikuwa amejiandaa kwa fimbo alilia kuliko fimbo. Fundi mwenyewe alishawahi kurukwa, siku alipolikata koti la maonyesho la mumewe kumshonea Kitinda sare ya shule. Naye alimkaangia mayai bila chumvi siku ile, wakawa sawa.

Leo nyumba ile ilikuwa na watu wawili na neno moja. Fundi alikaa tena kwenye cherehani akaitazama ile suruali ya mteja, na akajua ni nani wa kumpigia simu.

"Mama, akufukuzaye hakuambii toka," alisema Kitinda. Nyuma yake kulisikika nyundo na watu wakiitana. Alikuwa kazini, kwenye jengo la mji mwingine.

"Hakukufukuza."

"Aliniruka. Unajua hasa alichofanya. Mara ngapi nimekuja kulala hapo? Kila asubuhi nasubiri kama bwege. Do, Sol, Re, halafu kimya, halafu anafunga mlango wake. Hata paka wa jirani ana salamu nyumba ile, mimi sina."

"Mwanangu, baba yako hasemi."

"Hata alipokuwa anasema hakusema."

Binti huyu ndiye pekee aliyerithi mikono ya baba. Alifundishwa selo tangu miguu haijagusa sakafu, akaandaliwa kwa mtihani wa kuingia okestra ile ile. Asubuhi ya mtihani alitoka na upinde mkononi, jioni akarudi amevaa ovaroli. Alikuwa amekwenda kujiandikisha kusomea ufundi wa lifti.

"Nimekufundisha kupanda na kushuka utoto wako wote," baba yake alisema siku ile.

"Si ndiyo kazi yenyewe, baba? Kupanda na kushuka. Ila huku wanalipa kila mwezi."

Mkubwa akaangua kicheko. Na Fundi, Mungu amsamehe, akacheka pia, maana ni kweli mshahara wa okestra ulikuwa ukija unapotaka, kama mvua. Alipogeuka akauona uso wa mumewe, akaacha kucheka. Kesho yake asubuhi ngazi zilikuwa tatu. Kitinda alisubiri chini ya shuka, akasikia Do ikifunga mlango, akaamka akafunga begi lake hata chai hakunywa.

"Basi usije kwa ajili yake," Fundi alisema kwenye simu. "Njoo kwa ajili yangu. Kile chombo kizito, mimi mgongo sina, lifti ya jumba imekufa tena. Nani atakishusha?"

"Imekufa vipi? Inaguna au haisemi kabisa?"

"Inaguna halafu inanyamaza. Imemwiga baba yako."

Akamsikia bintiye akicheka kwa pua, na akajua atakuja.

Alikuja Ijumaa jioni na begi la vifaa begani, mpana wa mabega, mikono imejaa makovu madogo ya waya. Kabla hajapanda kwao alikuwa ameshafungua sanduku la umeme la lifti kule chini, na jirani wa chini alikuwa ameshamletea kiti na habari za miaka yote. Alipoingia ndani alimbusu mama yake, akasimama kwenye mlango wa kichumba.

"Shikamoo, baba."

Mzee Ngazi alimtazama muda mrefu. Mdomo ulihangaika upande mmoja.

"Bado," alisema.

"Sawa," alisema Kitinda. "Hata mimi bado." Akaenda kunawa mikono.

Mezani walikula wakizungumza mambo ya watu wengine. Mkubwa alipiga simu kutoka ng'ambo anakofanya kazi benki, akataka awekwe kwenye spika. "Mama, msibishane na watu wa okestra," alisema. "Chombo si chetu. Kirudi kwa heshima."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema Fundi. "Hilo nalijua kabla hujazaliwa, mimi ndiye fundi. Lakini kuvuliwa hadharani kunauma vile vile."

Baada ya simu Kitinda alikusanya sahani. Alisimama kwenye sinki, amempa mama yake mgongo, maji yakitiririka.

"Mama, nikuulize. Alikuwa anajisikiaje ananiruka? Wewe ulikuwepo."

"Sijui. Mlango ulikuwa umefungwa."

"Hukumwambia kitu?"

"Nilimwambia. Nilimwambia, hilo shimo unaliacha la nini? Zamani ukimruka mtu unamruka, tukajua moja. Huyu mbona unamwachia shimo kila siku, kama jino lililong'oka? Akaniambia nishone suruali zangu." Fundi alikausha sahani moja ambayo ilikuwa imeshakauka. "Nikazoea, mwanangu. Binadamu ni mnyama wa kuzoea. Ikifika pale anaponyamaza, natunga uzi kwenye sindano. Nafasi yenyewe inatosha hasa. Nikishatunga na kukata, naye anarudi kwenye Do."

Kitinda alifunga bomba. "Kwa hiyo mimi nilikufaa kitu," alisema. "Nafasi ya kutunga uzi." Alisema kwa mzaha, lakini hakucheka, na Fundi alitamani angeumeza ulimi wake pamoja na habari zake za uzi.

Mtunza vyombo alifika Jumamosi, mtu mwembamba mwenye adabu na miwani iliyofungwa kwa selotepu. Aliamkia vizuri, akapewa chai, akainywa ikiwa bado moto sana ili asikae. Ilionekana kazi hii hakuipenda, na kwa sababu hakuipenda aliifanya kwa ukali.

"Hapa pana mkwaruzo," alisema, akipitisha kidole kwenye ubavu wa selo.

"Upo tangu tunaipokea," alisema Fundi.

"Mimi naandika ninachokiona, mama. Upinde wa pili uko wapi?"

"Hakuna upinde wa pili. Ulivunjika, mzee akanunua mwingine kwa pesa yake. Huo unaouona ndio huo."

"Basi huo tutauchukua. Sanduku nalo limechanika hapa."

"Lete nikushonee," alisema Fundi, "usije ukaaibika njiani." Na kweli akauchukua mfuniko wa sanduku lile la turubai akaushona palepale, kwa mkono, mshono wa kubana, huku mwenye kuja kumnyang'anya akimshikia. Kitinda alisimama dirishani na mikono kifuani akiyatazama haya yote.

Ilipofika kuichukua selo yenyewe ndipo tatizo lilipoanza. Mzee Ngazi alikuwa ameivuta kwa mkono wake wa kushoto, akaipachika katikati ya magoti, shingo ya selo karibu na sikio lake, na hakuiachia.

"Mzee, samahani," alisema mtunza vyombo.

"Bado."

"Mzee wangu, nimetumwa tu."

"Bado. Bado. Bado!" Mate yalimtoka. Mtunza vyombo alirudi nyuma akavua miwani akaifuta. Fundi alijua lile neno halikuwa na maana, daktari alishamweleza, ni mdomo tu unajisemea. Lakini siku ile lilikuwa na maana yake yote.

"Kuna jambo jingine," alisema mtunza vyombo taratibu, bila kumtazama mtu. "Lazima niisikie inalia kabla sijaisaini. Nikipeleka chombo kibovu nitaulizwa mimi. Kuna anayeweza kupiga?"

Fundi alimtazama bintiye, kisha akatazama pembeni, maana kuna maombi ambayo hata mama hathubutu kuyaomba. Kitinda alikwenda sebuleni akarudi na kigoda cha cherehani, akakiweka upande wa kulia wa baba yake, upande uliokufa, akaketi. Akauchukua upinde sandukuni. Aliukaza, akaupaka ulimbo ili ushike nyuzi, mikono ikikumbuka yenyewe wakati uso unajifanya haukumbuki.

"Shika wewe, baba," alisema. "Mimi nitavuta."

Mara ya kwanza ilitoka sauti ya mlango wa choo. Mtunza vyombo akakohoa. Mara ya pili Kitinda aliegemea zaidi, bega lake likagusa bega la baba yake, na uzi mnene ukaitika. Vidole vya Mzee Ngazi vilianza kutembea. Vile vile vilivyokuwa vikichezacheza juu ya goti kutwa, vile ambavyo Fundi alikuwa akivifunika blanketi, vilianza kupanda ngazi ya Do, na Kitinda alivitazama kwa karibu ili ajue upinde uende uzi gani. Ngazi ilipanda, ikayumba, ikafika. Ikashuka kwa njia yake nyingine, maana ngazi ndogo ndivyo zilivyo, njia ya kupandia siyo ya kushukia. Fundi alishika fremu ya mlango. Maisha yake yote ya ndoa alizisikia ngazi hizi na hakuwahi kuziona zikipigwa, mlango ulikuwa umefungwa siku zote, na sasa alishangaa jinsi mkono unavyofanya kazi kinyume: sauti ikipanda, mkono unateremka kuelekea chini ya selo.

Ikaja Sol. Ilikuwa yake. Alijiona na tumbo la Kitinda, anashona mapazia ya watu, mume yuko nyuma ya mlango anamsalimia. Hakuna siku alimwambia jambo zuri kwa mdomo. Lakini kwa Sol alimwambia kila siku, na Fundi alilia sasa wazi wazi mbele ya mgeni, bila kitambaa.

Ikaja Re, ya Mkubwa. Ikapanda, ikashuka, ikaisha.

Kitinda alinyanyua upinde kutoka kwenye nyuzi. Aliijua nyumba yao. Hapa ndipo pa kunyamaza. Akausimamisha upinde hewani akisubiri Do ya kufunga mlango.

Lakini mkono wa Mzee Ngazi haukupumzika. Ulihamia kwenye uzi mwembamba wa juu, na bila upinde, bila sauti, ukaanza kupanda. Ngazi nyingine zote zina uzi wa jirani wa kukimbilia. Hii ya La haina, ukianzia juu huna pa kwenda ila kuteremka kwenye uzi ule ule mmoja, na ndivyo mkono ulivyofanya, ukashuka shingo ya selo kidole baada ya kidole mpaka karibu na kifua cha mzee. Chumbani palisikika vidole tu vikigonga ubao, polepole. Kisha mkono ulianza kurudi, kwa ile njia ya kushukia, ukafika mwanzo, ukahamia kwenye uzi mnene wa Do. Ukasubiri upinde.

Fundi alikuwa anajua urefu wa kimya kile kuliko mtu yeyote duniani. Kilikuwa cha kutosha kulamba uzi, kuutunga kwenye sindano, kuuvuta na kuukata. Miaka yote ile. Akimruka mtu humruka moja kwa moja, bila kupumua, si alijua mwenyewe, si aliwahi kurukwa! Yule hakuwahi kumruka mtoto. Aliipiga La yake kila asubuhi, bila upinde, kwa kiburi chake, ndani ya mlango uliofungwa, na mkewe alikuwa upande wa pili anatunga uzi.

"Baba," alisema Kitinda. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hiyo ilikuwa nini?"

Mzee Ngazi alimgeukia. Jicho moja lilikuwa linatoa machozi, na lile la upande wa ugonjwa lilikuwa kavu.

"Bado," alisema.

"Ulikuwa unafanya hivyo siku zote?"

"Bado."

"Alikuwa anafanya," alisema Fundi kutoka mlangoni. "Siku zote. Mimi shahidi, ila nilikuwa shahidi mjinga. Rudieni hapo. Weka upinde, mwanangu."

Mtunza vyombo aligeuka. "Nitakuwa nje kwenye ngazi," alisema. "Chombo kizima, nimesikia. Nyie malizeni." Akatoka na kikombe chake kitupu, akaurudisha mlango nyuma yake taratibu.

Kitinda aliweka upinde kwenye uzi mwembamba. La ikalia. Haikulia vizuri, mkono wa baba ulitetemeka, mkono wa binti ulikuwa mkono wa spana, na kati ya watu wawili wanaovuta pumzi tofauti sauti ilikatika katika. Ilipanda. Kitinda alikuwa anakaza meno kama mtu anayebeba mzigo juu ya paa, na kadiri mkono wa baba yake ulivyoteremka ulimkaribia yeye, mpaka kule juu kabisa, kwenye sauti ya mwisho, kichwa chake kilikuwa kimeegemea bega lililokufa. Walikaa kwenye sauti ile. Kisha walishuka pamoja. Ndipo wakapiga Do, wakafunga mlango.

Selo ilishuka kwa lifti. Kitinda alikuwa ameitengeneza, waya tu ulikuwa umelegea, na aliisindikiza mwenyewe mpaka chini, amelikumbatia sanduku lenye mshono mpya wa mama yake, mtunza vyombo amesimama pembeni akitazama viatu vyake. Juu, Mzee Ngazi alisikiliza mngurumo wa lifti ukiteremka mpaka ukakoma. Fundi hakumuuliza kitu. Alipopita alimwondolea blanketi mkononi, akalikunja akaliweka kabatini.

Kitinda alilala kwao usiku ule, kwenye kitanda chake cha zamani ambacho miguu sasa ilimzidi. Asubuhi Fundi aliamka kama kawaida yake, akakaa kwenye cherehani, akaichukua ile suruali ya mteja iliyolala wiki nzima. Nyumba ilikuwa kimya. Mlango wa kichumba ulikuwa wazi, haukufungwa tena, na mle ndani Mzee Ngazi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ameuvuta mkono wake wa kulia ukalala kifuani, na vidole vya kushoto viko juu yake, tayari.

Vilianza. Fundi aliutia mguu kwenye pedali akashona pindo kwa Do. Akageuza mguu wa suruali akashona kwa Sol, yake, akitabasamu peke yake. Wakati wa Re alimkumbuka Mkubwa na kibofu chake. Kisha vidole vya mzee vilisogea, vikaanza kuteremka taratibu kwenye mkono uliokufa kuelekea kiganjani, na kule kitandani, kupitia mlango mwingine, Fundi aliona vidole vya miguu vya mtu mzima vikitoka nje ya shuka, kimoja, kingine, kingine.

Uzi ulikuwa umekatika kwenye sindano. Fundi hakuutunga. Alikunja mikono mapajani, akasikiliza.